Wakubwa Waliposhusha Pinde

Twende London, jioni moja ya Mei 2016, ukumbi wa Barbican, kwenye shindano la BBC la wanamuziki chipukizi. Sheku Kanneh-Mason, kijana wa miaka 17, ameibana selo kwa magoti mbele ya okestra nzima. Anapiga konseto ya kwanza ya selo ya mtunzi Shostakovich, ya mwaka 1959. Ikifika sehemu ya tatu, wote wananyamaza. Anabaki yeye tu, dakika kadhaa, akianza taratibu, kisha upinde ukishika kasi mpaka okestra irudi kwa kishindo. Hapo ndipo panaponigusa: mabingwa watu wazima wameshusha pinde, wanamwachia kijana nafasi yote. Alishinda, akawa mweusi wa kwanza kutwaa tuzo hiyo. Kwao wamezaliwa saba, na wote wanapiga ala.