Kushtaki na Kutawala

Katika mwaka wa 2010 ulitoka Marekani mchezo wa video uitwao Fallout: New Vegas, uliotungwa na kampuni ya Obsidian Entertainment. Wako watakaocheka kusikia mchezo wa kompyuta ukitajwa mahali ambapo hujadiliwa tenzi na riwaya. Na wacheke, huko Ulaya riwaya nayo ilipata kuhesabiwa upuuzi wa watu wasio na kazi. Swali lililomo katika mchezo huu ni kongwe kuliko kompyuta: je, mtu akithibitisha ubaya wa adui yake, amethibitisha wema wake mwenyewe?

Hadithi ni hii. Mwaka 2077 dunia iliteketezwa kwa mabomu ya nyuklia. Mwaka 2281, katika jangwa la Mojave, tarishi mmoja anapigwa risasi ya kichwa, anazikwa, wala hafi. Mchezaji ndiye tarishi huyo. Mbele yake liko Bwawa la Hoover, lile lile lililojengwa kweli kati ya 1931 na 1936 kuuzuia Mto Colorado. Na jangwani mwenye maji na umeme ndiye mwenye watu. Watatu wanaligombea. Jamhuri Mpya ya California imetoka magharibi na uchaguzi, sheria na kodi. Jeshi la Caesar limetoka mashariki na utumwa na msalaba. Kiongozi wake alilelewa na wasomi, akasoma habari za dola ya Rumi, akaona ndiyo dawa ya ulimwengu ulioanguka. Wa tatu ni Bwana House, tajiri wa kale aliyehifadhiwa hai ndani ya mtambo kwa zaidi ya karne mbili, atawalaye mji wa New Vegas kwa askari wa roboti.

Mji mdogo wa Nipton wastahili kutazamwa kwa makini. Watu wake waliuza kila kilichonunulika, wakawapokea askari wa Jamhuri na majambazi kwa mlango mmoja, na mwisho meya wao akawauza wote kwa Jeshi la Caesar. Jeshi lilipofika liliwakamata wauzaji pamoja na waliouzwa, likawapigisha kura. Aliyepata kura ya kwanza aliachwa huru. Wa pili alivunjwa miguu. Waliosalia walikatwa vichwa, au walichomwa, au walisulubiwa, au walifanywa watumwa. Mchezaji akikaribia mji hukutana na mshindi yule akikimbia kwa furaha, kana kwamba ameshinda fedha. Ndani, mbele ya misalaba, afisa wa Jeshi hueleza kwa utulivu kwamba hakuna aliyemtetea mwenzake, kila mmoja akingoja kura yake iwe njema.

Uzito wa mahali hapa ni kuwa afisa yule hasemi uongo. Nipton ulikuwa mji mwovu, na mshindi aliyefurahi ni shahidi wa mashtaka. Lakini shtaka la kweli laweza kutoka kinywani mwa mnyongaji, wala ukweli wake haupunguzi kamba.

Jamhuri nayo ina Bitter Springs. Kabila la Khan liliwashambulia raia wake; askari wakatumwa kulipiza, wakakaa penye upenyo wa mlima walikodhani watatokea wapiganaji. Wakatokea wazee, wanawake na watoto. Risasi zikaendelea. Leo katika hadithi mahali pale pale pana kambi ya wakimbizi, na mlinzi wa kambi ni Jamhuri ile ile. Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe: House huwadharau wote wawili, ilhali yeye ni mfalme asiyechaguliwa, anayeishi kwa bahati za wacheza kamari.

Hapa wengi huteleza. Husema kwamba, kwa kuwa kila upande una doa, pande zote ni sawa. Katika kambi ya Caesar yuko mfanyabiashara huru anayesifu njia za Jeshi kuwa hazina wanyang'anyi, na sifa hiyo ni ya haki. Kambini humo humo wamo wanawake waliobebeshwa mizigo kama punda. Hao hawasafiri kwa usalama. Hao ndio bei ya usalama wa mwingine. Jamhuri ilitenda uovu Bitter Springs kinyume cha sheria yake, na mtu aweza kuishtaki kwa sheria hiyo hiyo. Mtumwa wa Caesar atashtaki kwa sheria ipi?

Iko njia ya nne, nayo hupendwa na vijana: kuwafukuza wote watatu na kuiacha Mojave huru. Tarishi hawezi kuifuata njia hiyo kwa mikono mitupu. Humpasa kumwondoa House kwanza, kisha kulitwaa jeshi lake la roboti, na kwa roboti hao kusimama juu ya bwawa akiwaamuru majenerali waondoke. Watu wa Mojave hawakuulizwa.