Kwa Nini Wale, Kwa Nini Saa Ile

Msiba unaowafika watu wengi kwa pamoja huzaa maswali mawili ambayo aghalabu huulizwa kana kwamba ni moja. La kwanza huhusu namna jambo lilivyotokea: paa liliporomoka vipi, meli ilipinduka kwa sababu gani, lango la uwanja lilifungwa na nani. La pili huhusu uteuzi, yaani kwa nini waliokutwa na jambo hilo ni wale na si wenzao, na kwa nini saa ile na si nyingine. Swali la kwanza lina wenyewe, nao ni wahandisi, majaji na tume za uchunguzi. La pili hugombewa na mashehe, mapadri, waganga na wafiwa, na katika mji unaopenda soka kama Mwanza hugombewa pia na mashabiki wakongwe, watu ambao kwa desturi yao huhifadhi tarehe, matokeo, majina ya wachezaji na hata mahali kila mmoja alipokuwa ameketi. Swali hilo la pili ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa wasomi hulidharau kwa haraka, ilhali likijibiwa vibaya linaua.

Mfano wake unaojulikana zaidi katika elimu ya tamaduni za Afrika ni wa jengo lililoanguka. Edward Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi miongoni mwa Wazande, ambao nchi yao imegawanywa na mipaka ya Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, alieleza katika kitabu chake cha 1937 juu ya uchawi wa watu hao kwamba ghala lao la nafaka hujengwa juu ya nguzo, na kwamba wakati wa jua kali watu huketi chini yake wakizungumza, wakifanya kazi za mikono au wakicheza bao. Siku moja moja ghala huanguka na kuwajeruhi waliomo kivulini. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa ndio waliozila nguzo, na anajua pia kwamba watu walikwenda pale kutafuta kivuli. Asichoweza kukieleza kwa mchwa wala kwa jua ni kwa nini mambo hayo mawili, ambayo kila moja lina sababu yake, yalikutana katika dakika ile ile. Hapo ndipo anapoutaja uchawi. Mtu aliyesoma shule husema ni nasibu, yaani mkutano wa mambo usio na kusudi, na mara nyingi hudhani kwamba amejibu, ingawa kwa hakika amekiri tu, kwa neno la heshima, kuwa jibu hana.

Mashabiki wa Mwanza hawahitaji kufundishwa mantiki hii. Mpira unapogonga mwamba katika dakika ya mwisho pale CCM Kirumba, mwalimu wa timu anaweza kueleza kuwa mshambuliaji aliegemea nyuma alipopiga, na maelezo yake yakawa sahihi kabisa, lakini jukwaani kuna watu wanaotaka kujua kwa nini leo, kwa nini mbele ya Simba au Yanga, kwa nini lango lile. Ndiyo maana lugha ya soka la Tanzania ina jina la kejeli, kamati ya ufundi, kwa watu wanaodaiwa kuishughulikia mechi kwa njia za kishirikina kabla haijachezwa. Wanaolicheka jina hilo mchana si wote wanaolicheka usiku. Wakati wa Pamba, ile TP Lindanda iliyotamba katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wakati wa Toto African baada yake, ushindi na vipigo vilisimuliwa kwa maswali yote mawili, na hakuna aliyeona kuwa moja linalifuta jingine.

Katika mchezo madhara ya kuchanganya maswali hayo ni madogo. Katika msiba si madogo, na tukio lililo mbali na Ziwa Victoria linaonyesha sababu, pengine kwa uwazi zaidi kwa kuwa halikuua mtu. Alfajiri ya Januari 18, 1978, katika mji wa Hartford nchini Marekani, paa la ukumbi mkubwa wa michezo, lililoundwa kwa mtandao wa vyuma vilivyoungana, liliporomoka chini ya uzito wa theluji, saa chache tu baada ya maelfu ya watazamaji wa mpira wa kikapu kuondoka. Uchunguzi ulionyesha kuwa muundo ulikuwa na kasoro tangu kwenye michoro, na kwamba kupinda kwa vyuma kupita kiasi kulionekana wakati wa ujenzi bila kushughulikiwa. Viti vilivyofunikwa vilikuwa vitupu. Ni rahisi kwa mtu aliyekuwa ameketi pale usiku ule kusema kwamba Mungu alimwokoa, na hakuna dini inayomzuia kushukuru. Lakini akigeuza shukrani yake kuwa maelezo, akasema kwamba theluji ilizuiliwa kwa ajili yake, atalazimika kueleza pia kwa nini mahali pengine haikuzuiliwa kwa ajili ya wengine. Shukrani ni sala. Ikifanywa nadharia, huwageuza waliokufa kuwa watu ambao hawakupendwa vya kutosha.

Injili ya Luka, katika sura ya 13, inaligusa jambo hili waziwazi. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu kumi na wanane, na Yesu anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani marehemu hao walikuwa na hatia kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe kuwa sivyo. Wahubiri wengi hukimbilia wito wa toba unaofuata, na hawakosei. Hata hivyo, kinachopaswa kushangaza ni kwamba nafasi ya kueleza uteuzi ilikuwepo, tena mbele ya hadhira iliyoitaka, na maelezo hayakutolewa. Kinachokataliwa hapo ni kumsoma maiti kana kwamba kifo chake ni hukumu iliyoandikwa, si kuomboleza wala kuuliza.

Kanda ya Ziwa ina sababu zake za kulielewa katazo hilo. Asubuhi ya Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa majini. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430 na historia ndefu ya matatizo ya uthabiti, yaani uwezo wa chombo kurudi wima kinapoinamishwa na mzigo au wimbi. Siku ile ilikuwa imepakia kupita kiasi. Kwa muda ilielea kifudifudi na hewa ikiwa imenaswa ndani, na waliokuwa hai humo waligonga bati wakisikika; ilipotobolewa ili waokolewe, hewa ilitoka na meli ikazama. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na tume ya Jaji Robert Kisanga ikapewa kazi ya kulijibu swali la kwanza. La pili lilijibiwa mitaani, Kirumba, Mabatini, Igoma na kwingineko, kwa maneno ambayo bado yanasikika: siku yao ilikuwa imefika, fulani alichelewa bandarini kwa sababu siku yake haijafika, kazi ya Mungu haina makosa.

Maneno hayo yana mizizi ya heshima. Mwislamu anafundishwa kuamini kadari, yaani kwamba kila jambo, la heri na la shari, liko katika ujuzi na makadirio ya Mwenyezi Mungu, na kwamba hakuna nafsi ijuayo itafia ardhi gani. Lakini mapokeo yale yale yanasimulia jinsi Khalifa Umar, alipofika Sargh akielekea Sham na kuambiwa kwamba huko kuna tauni, alivyoamua kurudi, na Abu Ubayda, kamanda wa majeshi yake huko, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu la Umar lilikuwa kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, na akatoa mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye pande mbili, moja lenye majani na moja kame, ambaye popote atakapolisha ngamia wake atakuwa amelisha kwa kadari. Ukubwa wa jibu hili ni kwamba linaikubali kadari yote bila kumpunguzia mchungaji hata chembe ya wajibu wa kuchagua upande. Anayesema siku yao ilikuwa imefika ili kumfariji mjane amesema neno la imani. Anayelisema ili nahodha, mkaguzi au mkata tiketi asiulizwe chochote amelitumia jina la Mungu kama pazia, na hapo mwanachuoni wa dini yoyote anapaswa kumpinga kabla hata ya mwanasheria.

Wapo pia wanaolijibu swali la pili kwa kumtafuta mtu. Usukumani, katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na majirani zake, jibu hilo limegharimu maisha ya vikongwe wengi, hasa wanawake, walioshukiwa kuwa wachawi baada ya kifo au ugonjwa katika familia, na wakati mwingine ushahidi uliotajwa ulikuwa macho mekundu, ambayo jiko la kuni au la samadi humpa yeyote anayelipulizia kwa miaka arobaini. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu 1928 na haikuwaokoa. Mantiki ya ghala la Wazande ni nzuri darasani, lakini inapopewa jina la jirani hugeuka panga. Kwa hiyo wanaosema kwamba kila imani ina haki yake ya kueleza msiba kwa namna yake wanakosea. Swali ni la haki, ila majibu mengi si ya haki, na ni afadhali swali libaki wazi kuliko kufungwa kwa damu ya bibi kizee.

Ni hapa ambapo kumbukumbu za mashabiki hupata uzito usiotarajiwa, kwa sababu viwanja vya mpira katika Afrika Mashariki vimekuwa pia nyumba za maombolezo. Tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilipobomoa kuta na mapaa mjini Bukoba na kuharibu vibaya shule kongwe za Ihungo na Nyakato, miili ya marehemu iliagwa katika Uwanja wa Kaitaba. Na ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa mji huo Novemba 6, 2022, ikiwa na watu 43 na kuua 19, majeneza yaliletwa Kaitaba tena. Machi 21, 2021, watu 45 walikufa katika msongamano kwenye Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga Rais John Magufuli, na siku tatu baadaye jeneza lake lilikuwa Kirumba, mbele ya umati mkubwa. Nairobi nako, Oktoba 23, 2010, mashabiki saba walikufa kwa kukanyagana langoni mwa Nyayo siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Anayekwenda Kaitaba leo kuitazama Kagera Sugar anaketi mahali ambapo amewahi kusimama kwa sababu nyingine, na akili yake haitenganishi siku hizo kwa urahisi.

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alitumia maneno mawili ya Kiswahili katika kitabu chake cha 1969 kueleza wakati kama unavyofikiriwa katika jamii nyingi za Afrika: Sasa, ambayo ni muda ambao watu waliopo wanauishi na kuukumbuka, na Zamani, bahari ya wakati inayoyameza yote. Marehemu, kwa maelezo yake, hubaki katika Sasa maadamu yupo mtu aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina. Mtu huyo wa mwisho akifa, marehemu naye hutumbukia Zamani. Nadharia hiyo imepingwa, na kwa sababu za msingi, hasa pale ilipodai kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali. Lakini sehemu yake inayohusu jina inabaki na nguvu, na kwa MV Bukoba inachoma, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Ndiyo maana idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio mpaka leo, na ndiyo maana kumbukumbu inayofanyika kwenye makaburi ya Igoma kila Mei haiwezi kumsomea kila aliyezama jina lake.

Mzunguko wa uwanja, ile sehemu ya wazi isiyo na paa ambako kiingilio ni cha chini, unafanana na daraja la tatu kwa jambo hili: tiketi yake haina jina. Hata hivyo wanaoketi huko mwaka baada ya mwaka hujuana, kwa jina kamili au kwa jina la utani, kwa timu na kwa kelele. Shabiki atakayesema kwamba fulani, muuza samaki aliyekuwa haikosi mechi ya Pamba, hakuonekana tena tangu Mei 1996, hatakuwa amelijibu swali la pili, wala hatamsaidia jaji kulijibu la kwanza, lakini atakuwa amejaza mstari mmoja katika orodha ambayo wakala wa meli hakuiandika. Kazi hiyo ingeweza kufanywa na parokia, misikiti na matawi ya mashabiki kwa daftari la kawaida, na haina muda mrefu, kwa kuwa mtu aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1996 anaukaribia uzee, na wale waliokuwa na 50 wengi wao wameshazikwa.