Mgeni wa Arusi na Mtazamaji wa Arusi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa mzaha, lakini ndani yake mna hoja nzito, nayo ni kwamba anayekula nyumbani mwa watu huingia pia katika kazi zao. Tuliikumbuka jioni moja tulipoalikwa Bombambili, mjini Songea, kutazama onyesho la arusi.

Lilikuwa onyesho la namna yake, kwani mtazamaji hakuachwa akae kitini na kupiga makofi tu. Alipokwisha kulipa kiingilio aliulizwa kama ni wa upande wa mume au wa upande wa mke, kisha akaketishwa pamoja na "ndugu" zake. Mshenga alipofika alizuiwa mlangoni mpaka akatoa kifungua mlango. Mahari yakabishaniwa. Ngoma ya lizombe ikapigwa, na sisi tuliokuja na viatu vya ofisini tukajikuta tumo uwanjani, tukikanyaga ardhi kwa kishindo pamoja na wenzetu. Mwishowe pakaja wali, nyama na togwa, tukala, tukashiba.

Ndipo likatokea jambo lisilokuwamo katika mchezo. Kiongozi alimwomba bibi mmoja mzee, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, asimame amwase bibi arusi kana kwamba ni mjukuu wake. Bibi yule alikataa. Alisema kwa upole kwamba kucheza amecheza na kula amekula, ila maneno ya kumwasa binti hawezi kuyatoa, kwa kuwa mwenye kuyatoa huandamwa nayo: binti akionewa na mumewe, ni kwa bibi huyo atakakokimbilia usiku. Je, binti huyu atamkimbilia yeye? Watu walicheka, lakini kicheko chao kilikuwa kifupi.

Basi yafaa tujiulize: katika arusi ile kilipungua nini? Ngoma ilikuwa ngoma, chakula kilikuwa chakula, na vigelegele vilitoka vifuani mwa watu. Wala mchezo wenyewe si kitu kigeni katika arusi zetu. Babu humtania mjukuu wake kwamba mchumba huyo ni wake yeye. Shangazi hufunga mlango kwa ukali ilhali moyoni amekwisha kuridhika. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba arusi ya jukwaani ni pungufu kwa sababu watu wanaigiza. Kilichopungua ni ushahidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, na haimhesabu mtu kuwa ameridhia kwa hiari ikiwa hakuelewa sherehe anayofanyiwa ni ya nini. Sheria inatosheka na mashahidi wawili. Lakini mila humtazama kila aliyekula wali ule kuwa ni shahidi.

Jambo hili si letu peke yetu. Katika ndoa ya Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ugiriki, maarusi huvikwa taji mbili zilizounganishwa kwa utepe, na msimamizi huzibadilisha vichwani mwao mara tatu. Tangu siku hiyo msimamizi huyo huhesabiwa kuwa jamaa wa nyumba ile. Lakini mjini New York, katika miaka ya 1980, lilianza onyesho liitwalo Tony n' Tina's Wedding, ambalo mtazamaji hununua tiketi akawa mgeni wa arusi, akala na kucheza. Kulipopambazuka hakuna aliyemdai kitu. Tiketi imekwisha kulipa deni lote.

Hatusemi haya ili kulaumu jukwaa. Tangu ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo mwaka 1981, ngoma nyingi zimetoka uani zikapanda jukwaani, na vijana wengi wamezijua kwa njia hiyo. Isitoshe, onyesho la Bombambili halikumdanganya mtu. Linalotutia hofu ni kinyume chake, yaani arusi ya kweli igeukayo onyesho. Siku hizi kamati hukaa, michango hutangazwa, na kadi hutolewa kwa kadiri ya fedha: hii ya mtu mmoja, hii ya watu wawili. Jirani asiye na mchango hubaki nje, ingawa yeye ndiye atakayesikia kilio cha nyumba ile kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliye ndani hula, hupigwa picha, huenda zake. Nasi hatujitoi katika lawama hii. Tumepata kutoka ukumbini tukiwa tumeshiba, huku jina la bibi arusi limekwisha kututoka.

Walimu wafundishapo michezo ya kuigiza, na wafundishe arusi pia, pamoja na ngoma zake na utani wake. Lakini wawaulize wanafunzi swali la bibi yule wa Bombambili. Nasi wengine tujiulize swali hilo kila tupokeapo kadi: binti huyu akibisha hodi kwetu usiku, tutamfungulia? Tukiweza kuitikia ndiyo, basi twende tukale, maana tumekubali na jembe.