Rue Alikuwa wa Upande Gani?



Ndugu msomaji, nakuomba tutafakari pamoja swali moja: huruma inayongoja kwanza kujua marehemu ni wa watu gani, je, ni huruma kweli? Swali hili sikulikuta darasani. Nililikuta katika riwaya ya vijana, na zaidi katika yale ambayo wasomaji wake waliyasema.

Riwaya yenyewe ni The Hunger Games ya Suzanne Collins, mwandishi wa Marekani, iliyotoka mwaka 2008. Inasimulia nchi ya kubuni iitwayo Panem, ambayo mji wake mkuu, Capitol, unaishi kwa starehe huku wilaya 12 zikiutumikia. Kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye umri wa miaka 12 hadi 18. Watoto hao 24 huingizwa uwanjani kuuana mpaka abaki mmoja, na nchi nzima hulazimishwa kutazama kwenye televisheni. Katniss, msichana wa miaka 16, anajitolea kwenda badala ya mdogo wake Prim mwenye miaka 12. Huko uwanjani anafanya urafiki na mtoto mwingine wa miaka 12, Rue wa Wilaya ya 11, wilaya ya wakulima. Rue anauawa kwa mkuki. Katniss anamwimbia mpaka roho inamtoka, kisha anaufunika mwili wake kwa maua.

Mamilioni ya vijana waliisoma sehemu hiyo na wakalia. Kisha, mwezi Machi 2012, filamu ikatoka, na Rue akachezwa na Amandla Stenberg, msichana mweusi. Baadhi ya wale wale waliokuwa wamelia wakakasirika. Waliandika mtandaoni, kwa majina yao na picha zao, kwamba hawakumtarajia Rue kuwa mweusi, kwamba filamu imeharibiwa. Mmoja wao alieleza kuwa baada ya kumwona jinsi alivyo, kifo chake hakikumhuzunisha tena kama mwanzo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kitabu hakikuficha. Mwandishi amesema wazi kuwa ngozi ya Rue na macho yake ni ya rangi ya kahawia iliyokolea, na kwamba ukiacha hilo, kwa umbo na mwenendo anafanana sana na Prim. Wasomaji wale walipita juu ya maneno hayo kwa macho yao wenyewe. Wakachukua mfanano na Prim, wakaiacha rangi. Sisi wanafunzi wa masomo ya Kiislamu tunaonywa tangu mwaka wa kwanza tusiifasiri Aya kwa hawaa, yaani mtu asije na analolitaka halafu akalilazimisha andiko liseme hivyo. Kumbe hawaa haiogopi hata riwaya. Msomaji anaweza kusahihisha kitabu moyoni mwake bila kujua kwamba amekisahihisha.

Ni rahisi kuwacheka watu hao na kusema, hayo ni maradhi ya Wamarekani. Lakini tukumbuke kisa cha Abu Dharr (r.a.) alichokipokea Bukhari katika Kitabu cha Imani. Abu Dharr alimtukana mtu kwa kumtia aibu kwa sababu ya mama yake, na mapokezi mengine yanasema mtu huyo alikuwa Bilal (r.a.). Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba ndani yake bado mna ujahilia. Hakumwambia kuwa si Mwislamu. Abu Dharr ni katika waliotangulia kusilimu, mtu wa zuhudi na ukweli. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na imani ya dhati na bado pakabaki chumba kimoja moyoni ambacho taa haijafika. Wasomaji wale walikipenda kitabu kinacholaani dhuluma, na chumba hicho bado walikuwa nacho.

Sasa nije kwetu. Nyumbani kwetu ni Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge, kati ya msitu wa hifadhi na ziwa Tanganyika. Kitabu ni cha Kiingereza, na vijana wa mtaani kwetu wengi husoma Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Kwa hiyo wakati wa likizo nilikuwa nikiwasimulia kidogo kidogo baada ya Alasiri, karibu na mahali ambapo akina mama wanaanika ndagala. Siku niliyofika kwenye kifo cha Rue, palikuwa kimya. Kisha kijana mmoja akauliza: "Huyo Rue alikuwa wa upande gani?" Nikamjibu kuwa alitoka Wilaya ya 11, na Katniss ya 12. Akasema, "Basi hakuwa wao." Mama mmoja aliyekuwa anaanua ndagala, ambaye sikujua kama anasikiliza, akauliza bila kuinua kichwa: "Na mama yake alipata habari?"

Nimeyafikiria maswali hayo mawili kwa muda mrefu. Sitaki kumlaumu kijana, kwa sababu swali lake lina historia. Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalianzia huku huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi wa Kihutu waliwaua Watutsi, kisha jeshi la serikali likawaua Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya laki moja na laki tatu. Maelfu walikimbilia Tanzania, wakaishi miaka zaidi ya 30 katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliorudi, wengi walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine. Na kabla ya kurudi kwao nchi ilikuwa imepita katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Katika nchi iliyopitia hayo, mtu akigonga mlango usiku, kujua ni wa upande gani kuliweza kuokoa roho za waliomo ndani.

Lakini swali la mlangoni limeingia msibani, na hapo ndipo ninapoona hatari. Mlangoni mtu anauliza ili ajue kama atafungua. Msibani hakuna anayegonga, maana aliyekufa hawezi kukudhuru. Ukiuliza ni wa upande gani kabla ya kusikitika, hujilindi na chochote. Unachofanya ni kupima kama uhai wake ulikuwa na thamani. Swali la yule mama halikupima. Lilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba aliyotoka mtoto. Rue, kwa mujibu wa kitabu, alikuwa mkubwa kati ya watoto sita, na mama yake alilazimishwa kutazama kama wazazi wengine wote.

Najua yapo majibu dhidi yangu. La kwanza: ni maumbile ya mwanadamu kuwahurumia zaidi walio wake. Ni kweli, na sharia yenyewe imeweka utaratibu: jamaa wana haki zao katika matumizi na mirathi, jirani ana haki yake. Lakini utaratibu huo ni wa vitu vinavyokwisha. Mkate ukiwa mmoja, lazima ujue unaanza na nani. Huzuni si mkate. Kumsikitikia mtoto wa wengine hakupunguzi chochote katika haki ya mtoto wako. Tena wasomaji wale hawakuanza na baridi. Walimpa Rue machozi yao, kisha wakayarudisha walipomwona sura. Mtume (s.a.w.) amemkemea vikali anayetoa zawadi kisha akaichukua tena. Hiyo ni zawadi ya mali, je, ya huruma?

La pili: moyo hauamrishwi, na mtu asilaumiwe kwa asichokihisi. Hili nalikubali kwa nusu. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alilia alipomzuru Sa'd bin Ubada akiwa mgonjwa, akawafundisha waliokuwepo kwamba Mwenyezi Mungu haadhibu kwa machozi ya jicho wala huzuni ya moyo, bali kwa huu, akaashiria ulimi, au hurehemu kwa huo huo. Hisia inaweza kuja au isije. Ulimi una hesabu yake. Anayeuona moyo wake umepoa akanyamaza na kuuhoji, huyo yuko katika jihadi ya nafsi. Anayeutangaza ubaridi huo kana kwamba ni haki yake, amefanya jambo jingine kabisa.

La tatu: huyu ni mtoto wa kubuni, kwa nini tujisumbue? Nami nasema, kwa sababu hiyo hiyo. Rue hana shamba analotudai, hana kaka atakayelipiza kisasi, hana chama. Kumhurumia hakutugharimu kitu. Moyo ukishindwa pale pasipo na gharama, utafanya nini siku ya gharama?

Siku hiyo imewahi kuwafikia wanafunzi wa nchi yetu. Tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliingia alfajiri katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa kutengana. Waliuawa 40. Capitol ya kwenye riwaya inaishi kwa kitu kimoja: watoto wa wilaya mbalimbali kukubali kwamba wao ni wa wilaya mbalimbali hata mbele ya kifo. Vijana wa Buta waliulizwa swali lile lile la upande, na mitutu ikiwa imewaelekea, wakakataa kulijibu.

Walikuwa Wakristo, wakijiandaa wengine wao kuwa mapadri. Ndugu msomaji, jichunguze ulipofika kwenye sentensi hiyo. Kama huzuni yako ilishuka hata kidogo, basi wewe na wale waliomkasirikia Rue mmesimama sehemu moja. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba jeneza lilipita mbele ya Mtume (s.a.w.) naye akasimama. Alipoambiwa kuwa ni la Myahudi, aliwajibu kwa kuwauliza kama huyo hakuwa nafsi. Wanazuoni wamejadili kama hukumu ya kusimama imebaki au imefutwa, na mjadala huo una mahali pake. Sababu aliyoitoa ni neno moja, nafsi, na ndilo neno lililomo katika Suratul Maida, aya ya 32, inayofundisha kuwa kuiua nafsi moja bila haki ni kama kuwaua watu wote. Mipaka ya ibada tunaijua, nani anaswaliwa swala ya jeneza na nani haswaliwi. Kutoa pole, kubeba maji, kukaa na wafiwa, kusema kwamba dhuluma imetendeka, hayo hayajazuiwa na mpaka huo.

Tunapenda, sisi Waislamu wa Burundi, kukumbusha kwamba katika vita vile mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura ulibaki na watu mchanganyiko wakati mitaa mingine ilitenganishwa, na kwamba Waislamu waliwaficha majirani wa kila kabila. Ni sifa ya haki, na wazee wetu waliistahili. Lakini sifa ikirithiwa bila kazi hugeuka kuwa upande mwingine. Tukisema "sisi Waislamu hatuna kabila" kisha tukawa tunauliza kwanza "ni Mwislamu?" kabla ya kusikitika, tutakuwa tumebadilisha jina la wilaya tu.

Katika Kiswahili tunayo riwaya ya jamii hiyo hiyo, iliyotangulia ya Collins kwa miaka 13: Walenisi ya Mkenya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Mwandishi huyo aliwahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Moi bila kufikishwa mahakamani. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kurushwa katika chombo cha angani afe, lakini anajifunza kukiendesha na kufika katika nchi iliyojengwa juu ya usawa. Jina la nchi hiyo, ukilitamka polepole, ni sentensi kamili: wale ni sisi. Nawaomba wanaotafuta kitabu cha kusoma likizo hii wakitafute hicho, na wakimaliza wakisome na cha Collins, kwa macho mawili, bila kuruka mistari.

Na hapa chuoni kuna jambo dogo tunaloweza kuanza nalo. Habari za msiba zinapoingia kwenye kundi letu la simu, mara nyingi ujumbe wa pili au wa tatu huwa ni kuuliza marehemu ni mtu wa wapi, ni wa dini gani, ni wa kina nani. Tujizoeze kuuliza kwanza kama mama yake amepata habari, na kama yuko nani wa kwenda kumwona. Mengine yatajulikana tu, maana yana haja yake katika kupanga mazishi. Yakijulikana, yatukute tumekwisha kusikitika.

Wabillahi tawfiq.