Mchoraji Asiyeridhika

Pengine wewe, msomaji, umepata kuchora ng'ombe au mtumbwi katika daftari lako, wenzako wakakusifu. Je, sifa yao yatosha kukujulisha thamani ya kazi yako?

Hokusai, mchoraji wa Japani aliyezaliwa mwaka 1760, alianza kuchora maumbo ya vitu alipokuwa na miaka 6. Ujanani alijifunza kuchonga mbao za kupigia chapa, kisha akawa mwanafunzi wa bwana mmoja wa sanaa. Picha yake ya wimbi kubwa mbele ya mlima Fuji, ambayo dunia nzima yaijua, aliitoa akiwa na umri wa miaka 70 hivi. Walakini mwaka 1834 aliandika kuwa yote aliyochora kabla ya umri huo hayakustahili kutajwa.

Wako wanaodhani huo ulikuwa unyenyekevu wa maneno matupu. Mimi sikubali. Mnafiki hujidharau mbele ya watu ili asifiwe zaidi, kisha hupumzika. Hokusai hakupumzika. Watu walimsifu, lakini kipimo chake kilikuwa kirefu kuliko chao. Mwaka 1839 moto uliteketeza nyumba yake pamoja na michoro mingi, akaanza tena. Husimuliwa kwamba mwaka 1849, alipokuwa akikata roho, aliomba miaka mingine mitano tu, apate kuwa mchoraji wa kweli.