Mkunga Si Nabii

Masereka iko kwenye nyanda za juu za Lubero, Kivu Kaskazini, nchi ya baridi, kabichi na viazi vinavyoteremshwa hadi masoko ya Butembo. Mwanamke wa huko akifika mwezi wa nane, presha ikiwa sawa, miguu haijavimba na mtoto amekaa vizuri, ukoo huanza kujadiliana. Azalie kituo cha afya cha jirani mikononi mwa mkunga, au apelekwe mapema mjini kwenye hospitali yenye daktari na chumba cha upasuaji? Na hawakosekani wa vyumba vya maombi wenye jibu la tatu: Mungu ndiye mzalishaji, mwacheni.

Mjadala huo husikika kama wa pesa na usafiri. Lakini ukiuchimba utakuta swali gumu zaidi: nani anaweza kusema leo kwamba mama huyu atajifungua salama?

Jibu lilipatikana humu humu Kongo, tena kwa namba. Mwaka 1984 watafiti wa mradi wa afya wa Kasongo, Maniema, walichapisha matokeo ya wajawazito waliopimwa kliniki na kugawanywa mafungu: hawa wako hatarini kupata uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani, na hawa hawako. Siku zilipotimia, asilimia 71 ya waliokwama kweli walikuwa wamehesabiwa kuwa salama. Na kati ya waliotiwa hofu, asilimia 90 walizaa bila kukwama.

Kwa hiyo kumwambia mama kwamba mimba yake ina hatari ndogo ni kusema habari za kundi. Kati ya mia wenye dalili njema, wengi watazaa vizuri. Lakini hakuna awezaye kumnyooshea mmoja kidole na kusema "wewe". Mhubiri akisikia hivyo hupata nguvu: si mnaona, siri ni ya Mungu! Kuhusu siri, haki anayo. Anapoteleza ni pale anapotoka hapo na kuhitimisha kwamba kazi iliyobaki ni kuomba tu. Jambo lisilojulikana ndilo linalohitaji mtu wa kulikesha.

Na kukesha ndiyo kazi ya mkunga. Uchungu ukija, huweka kiganja juu ya tumbo na kuhesabu kwa saa. Ukipoa, hubana koni ya kusikilizia kati ya sikio lake na ngozi ya mama, akinyamazisha chumba kizima ili asikie moyo wa mtoto. Kila kitu hukichora kwenye partogramu, chati ya mwenendo wa uchungu, na alama zikivuka mstari wa tahadhari hangojei muujiza, huita msaada. Mtoto akishatoka, mama huchomwa oksitosini ndani ya dakika moja, hata yule aliyekuwa mzima wa afya tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu damu nyingi huwatoka hata wasio na dalili yoyote.

Basi kwa nini wote wasipelekwe kwa daktari? Kwa sababu mkono usiotulia nao una madhara yake. Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa Kongo, hospitali ya misheni iliyohudumiwa na masista wa Ubelgiji ilitoa bomba tano za sindano kila asubuhi, zitumike siku nzima kwa wagonjwa wote, pamoja na wajawazito wa kliniki. Wanawake wazima, waliokuja kupimwa tu, walichomwa sindano ambazo wengi wao hawakuzihitaji. Ebola ilipita humo. Waliougua katika mlipuko huo walikuwa 318. Wakafa 280, wakiwemo masista wenyewe. Hawakukosa imani wala huruma, na kwa hakika walifanya mengi mno. Ugonjwa huo ulipofika Butembo, Katwa na Masereka kati ya 2018 na 2020, mjamzito aliyetokwa na damu aliweza kutazamwa kama mshukiwa kabla ya kutazamwa kama mzazi.

Na kwa upande wa wakunga, utafiti wa mwaka 2016 uliojumlisha majaribio 15 na wanawake 17,674 ulionyesha kwamba waliohudumiwa na wakunga walewale tangu mimba hadi uzazi walifanyiwa hatua za kitabibu mara chache zaidi, wala hawakupata madhara zaidi. Habari njema, ila majaribio yote yalifanyika katika nchi tajiri. Nyuma ya kila mkunga wa huko kuna gari la wagonjwa na lami. Nyuma ya mkunga wa Masereka kuna tope, kilima, na miaka mingi ya vita. Mwili mmoja, wenye presha ileile, una hatari ndogo karibu na lami na kubwa kule ambako daraja limezolewa na mvua.

Waamini wa huko wana kitabu cha kuwasaidia hapa. Shifra na Pua, wakunga wa kitabu cha Kutoka, hawasifiwi kwa kutabiri lolote. Walimcha Mungu, na uchaji wao ulionekana katika walichofanya siku ya uzazi. Waislamu nao wanakumbuka kwamba Maryam, katikati ya uchungu, aliambiwa atikise shina la mtende kwanza ndipo tende zimwangukie. Hata Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, anakumbukwa kwa kuhimiza barabara pamoja na sala.

Mama asiye na dalili mbaya ana kila sababu ya kumchagua mkunga. Lakini asiachiwe peke yake uchaguzi huo. Kanisa linalomwombea Jumapili liwataje siku hiyohiyo vijana watakaobeba kipoyi usiku, mwenye pikipiki atakayeamshwa, na mtu anayetunza pesa ya mafuta, kabla mwezi wa tisa haujaanza.