"Yule Mtaita"

Mtoto ana haki ya kuvunja dirisha kwa jina lake mwenyewe. Wangu wa Gredi ya Tano alipopiga mpira ukapasua kioo cha darasa, habari iliyotufikia nyumbani ni kwamba "yule Mtaita" amevunja dirisha. Muhula uo huo insha yake ya Kiswahili ikawa bora darasani, na sifa zikaenda Pwani: "Si Kiswahili ni chenu huko?" Kweli Taita iko Pwani, lakini kwetu Wundanyi, milimani, tunalelewa kwa Kidawida, lugha ya Wataita; Kiswahili tunakisomea kama watu wa bara. Insha ile kijana aliiandika, akaifuta, akaiandika upya. Kosa likawa la kabila, na jasho nalo likawa la kabila.

Tuko Kirinyaga kwa sababu ya kazi. Mwenzangu ni mwalimu, na Tume ya Kuajiri Walimu ilipoanza mwaka wa 2018 kuwapeleka walimu mbali na kwao, wengi waliziacha familia nyumbani. Sera ilipolegezwa mwaka wa 2022, baadhi yao walirudi. Sisi tulikuwa tumeshahama na watoto na masufuria, tukabaki. Katika mabishano yote kuhusu sera hiyo walitajwa walimu, ndoa zao na nauli zao. Sikumbuki kusikia akitajwa mtoto anayeingia darasa lisilo na mtu wa kwao hata mmoja.

Lugha ndiyo niliyoihofia zaidi, na ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko yote. Tangu ripoti ya elimu ya Gachathi ya 1976, madarasa ya chini yanatakiwa kufundishwa kwa lugha ya eneo, kwa hiyo binti yangu wa Gredi ya Pili alikutana na Kikuyu asubuhi ya kwanza. Wiki za mwanzo aliketi kama mgeni matangani. Kisha akaanza kuruka kamba na wenzake, na kabla muhula haujaisha alikuwa akinisahihisha sokoni Kerugoya nikiuliza bei ya ndizi. Watoto hawafundishani lugha kwa huruma. Mchezo haungoji, basi.

Kuhusu uchache wa kabila, kuna Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi. Inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Ofisini hesabu hiyo ina maana. Darasani hakuna sheria itakayomfanya mmoja awe wengi, wala sioni kama yahitajika. Uchache wenyewe haujawaumiza wanangu. Kinachochosha ni kuwa balozi tangu kengele ya asubuhi. Wala sisemi kuna chuki. Wengi husema "Mtaita wetu" kwa mapenzi, na mapenzi ya namna hiyo ni vigumu kuyakataa. (Huko kwetu nako, mtoto wa Mkamba huitwa Mkamba hadi amalize shule.)

Siku ya utamaduni ilipokaribia, mwalimu wa darasa aliniomba, kwa nia njema kabisa, kijana acheze mwazindika, ngoma ya Wataita.

"Mwalimu, huyu hajui mwazindika," nikamwambia. "Anajua kudaka mpira."

Akacheka, akamwandika mlinda lango. Dada yake yuko kwenye kwaya, wanajiandaa kwa tamasha la muziki. Wimbo wao ni wa Waluhya, na yeye ndiye anayeuanzisha.